Taito na hadithi ya sarafu zilizoadimika

Husimuliwa mara nyingi kwamba Space Invaders, mchezo wa video wa mashine za kutumbukiza sarafu uliobuniwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya Taito ya Tokyo mwaka 1978, ulizoa sarafu za yeni 100 hata serikali ya Japani ikalazimika kutengeneza nyingine kwa wingi. Si kweli. Mwaka huo zilitengenezwa takriban milioni 292, ilhali mwaka uliotangulia zilikuwa milioni 440. Tena sarafu iliyotumbukizwa kwenye tundu la mashine haipotei: mwenye mashine hufungua kisanduku, huzihesabu zote, huzipeleka benki, nazo hurudi mikononi mwa watu. Kilicho kweli, nacho chatosha kustaajabisha, ni kwamba kumbi nzima za michezo zilifunguliwa zikiwa na mchezo huo mmoja tu.