Kisamvu na warfarini: yanayosemwa na ukweli wake

"Kisamvu sasa basi." Mgonjwa aliyeanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, husikia hivyo kabla hata hajakaa vizuri nyumbani, awe Masasi, Nachingwea au Kilwa. Si kweli, na kwa watu wa Kusini tunaolima mihogo ni adhabu ya bure.

Warfarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huitumia kutengeneza protini za kugandisha damu. Kisamvu, matembele, mchicha na majani ya maboga yana vitamini hiyo kwa wingi. Lakini dozi yako hupangwa kwa kipimo cha INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda (ikipanda, inachelewa zaidi), nacho husoma mwili wako pamoja na mlo wako wa kawaida. Wagonjwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Wenye valvu bandia za moyo wengine huwekwa juu kidogo. Kama umezoea kisamvu mara tatu kwa wiki, endelea hivyo hivyo. Hatari ni kubadilika ghafla. Mvua zikinyesha tunakula majani kila siku: INR hushuka, na bonge la damu laweza kuziba mshipa. Kiangazi tunahamia dagaa na choroko: INR hupanda, mtu akavuja damu. Mlo ukibadilika, sema kliniki upimwe mapema.

Kosa linaloniumiza zaidi hutokana na upendo. Ndugu wakisikia "damu nyepesi" hudhani damu imepungua, wanamsagia mgonjwa juisi ya matembele kila asubuhi ili aongeze damu. Warfarini haipunguzi damu wala haiifanyi kuwa maji. Huchelewesha kuganda tu. Juisi ile inapigana na dawa.

Korosho je? Konzi moja haina neno, vitamini K yake ni ndogo. Samaki, nazi na ugali wa muhogo pia kula. Uraka, pombe ya mabibo, ni habari nyingine: msimu wa mabibo watu hunywa sana kwa siku moja, na pombe nyingi kwa mkupuo hupandisha INR. Tena mlevi huanguka, na kuanguka ukiwa na dawa hii si jambo dogo.

Wengine huchunga sahani wakasahau duka la dawa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni, na metronidazoli ya kuharisha hupandisha INR sana. Taja warfarini kila unaponunua dawa. Tangawizi na kitunguu saumu vya mchuzini havina shida; kuvinywa kwa vijiko kama tiba, uliza kwanza.

Wanaotumia rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hawana haja ya kuhesabu majani, ila vidonge vya miligramu 15 na 20 humezwa pamoja na chakula. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari kuhusu saa ya kumeza.

Ukiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au ukijigonga kichwa, usisubiri kesho. Nenda hospitali, Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi au iliyo karibu nawe, na ubebe vidonge vyako.