Je, wajua kwa nini mama akishinda kesi ya matunzo ya mtoto, gharama zake mara nyingi hazirudi?

Huku kusini mwa Tanzania, katika ugomvi wa shamba la mikorosho Tandahimba, au deni la dukani Masasi, anayeshindwa kwa kawaida humlipa mwenzake gharama za kesi. Sheria ya Mwenendo wa Madai inamwachia hakimu uamuzi huo, ila akiamua kumnyima mshindi gharama zake, sharti aandike sababu. Aliyepewa gharama ana siku 60 za kupeleka bili mahakamani ikaguliwe mstari kwa mstari.

Kwenye kesi ya matunzo sababu huwa inajulikana mapema. Soma mwisho wa hukumu za aina hii uone: kwa kuwa shauri ni la kifamilia, kila upande utabeba gharama zake. Mahakama inafikiri hivi: hawa wawili wana mtoto, watakutana tena kwenye jando, kwenye mahafali, pengine hospitalini, basi wasiongezewe deni la kuchukiana. Tena fedha ambayo baba angemlipa mama kama gharama inatoka mfuko uleule unaotarajiwa kununua daftari na unga.

Nakubali nusu yake. "Kila upande" inasikika sawa mpaka uangalie nani kapanda bodaboda alfajiri na mtoto mgongoni, na nani kaahirishiwa kesi mara ngapi kwa sababu mwenzake hakutokea.

Watu wengi huogopa wakili, kumbe wakili si lazima. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu ombi lipelekwe na mzazi, mlezi, ndugu, mtoto mwenyewe kupitia mtu wa kumsimamia, au afisa ustawi wa jamii. Shauri husikilizwa na Mahakama ya Watoto, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na sheria ya 2017, anaweza kukuelekeza bila malipo, ingawa hasimami mahakamani kama wakili.

Fedha inaliwa na nauli. Liwale, mkoani Lindi, iko mbali na takriban kila kitu, na baba akikata rufaa Mahakama Kuu, mama wa Liwale anafunga safari ndefu. Inaliwa pia na kumtafuta mtu. Huku kusini mwanaume akisikia samansi, yaani wito wa mahakama, iko njiani, Mto Ruvuma haumzuii. Wiki ijayo unaambiwa yuko Msumbiji. Sheria imeliona hilo. Dhidi ya mwanaume anayedaiwa kuwa baba, ombi hufunguliwa kabla mtoto hajazaliwa au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Ila kama aliondoka nchini ndani ya kipindi hicho, miezi 24 huanza kuhesabiwa upya akirudi. Na kama katika miezi hiyo aliwahi kutuma fedha ya matunzo, ombi linaweza kuja wakati wowote. Kwa hiyo ile meseji ya muamala wa simu usiifute hata kidogo.

Akikana mtoto, linakuja suala la DNA, yaani kipimo cha vinasaba. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali haimpimi mtu anayejiendea tu. Ombi lipitie mahakama, ustawi wa jamii, polisi au wakili, na kipimo kina ada yake. Lakini DNA siyo ushahidi pekee. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, mila alizotimiza baba, kumtambulisha mtoto hadharani, hata kukataa kwake kupimwa, vyote hakimu huvipima.

Haya, umeshinda. Zamani, chini ya sheria iliyofutwa na hii ya 2009, ungeondoka na fedha isiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Leo hakimu huangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Hukumu nzuri kabisa, na baba halipi. Hukumu haijitekelezi. Ni wewe urudi mahakamani kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa, na hapo ndipo pana jambo linalowashangaza wengi: ukiomba mdaiwa afungwe kama mfungwa wa madai, yaani kwa kutolipa deni na si kwa jinai, wewe mdai ndiye unayetanguliza fedha ya kumlisha gerezani. Mama anayedai fedha ya uji wa mtoto anaambiwa kwanza alipie ugali wa baba! Fedha hiyo huhesabiwa kuwa gharama za kesi, ila mdaiwa hawezi kuendelea kushikiliwa kwa sababu ya fedha hiyo.

Ndiyo maana kukamata mali au fedha kuna maana zaidi kuliko kumfunga mtu. Mtumishi wa halmashauri hukatwa mshahara, kazi imeisha. Mkulima hana mshahara, lakini Mtwara na Lindi ana msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo hupitia chama cha msingi cha ushirika hadi akaunti ya benki ya mkulima, kwa hiyo fedha yake ina njia inayojulikana. Mahakama inaweza kuamuru matunzo kwa awamu au kwa mkupuo. Sioni kwa nini mama wa Newala aombe elfu kadhaa kila mwezi kutoka kwa mtu anayepata fedha mara moja kwa mwaka, kisha atumie nauli kumi na mbili kuzifuatilia. Aombe sehemu kubwa ilipwe wakati wa msimu, na kama ni kukazia hukumu, ombi lifike mahakamani Septemba, kabla ya mnada wa kwanza. Likifika Machi, mara nyingi akaunti imeshakaushwa.