Shafti ya korona imekatika tena: kwa nini chuma kigumu zaidi si jibu

Wenye mashamba ya mkonge huku kwetu, iwe Muheza, iwe Korogwe, wakinipigia simu kuhusu shafti iliyokatika ya korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, baada ya salamu huwa ni neno moja: "Mhandisi, tutafutie chuma kigumu zaidi." Nawaelewa. Korona ikisimama, majani yaliyokwisha kukatwa yanaanza kukauka, na jani likikauka singa, yaani nyuzi zake, hazitoki vizuri. Lakini kabla ya habari ya chuma, huomba niletewe vipande vyote viwili, na visipigwe brashi wala kusuguliwa. Fundi akishapitisha grainda pale palipokatika, ushahidi wote umekwenda.

Chukulia shafti ya milimita 80 iliyokatika karibu na puli, yaani gurudumu la mkanda, kwenye mfereji wa kii: ule uliochongwa ili kipande cha chuma kiitwacho kii kiishike puli isiteleze juu ya shafti. Sehemu kubwa ya uso wa mkato ni laini, ina mistari ya kupinda iliyopangana kuanzia kwenye kona ya mfereji, na imeshika kutu ya kahawia. Upande wa pili kuna kipande kidogo chenye chenga, cha kijivu king'avu, hakina kutu hata chembe. Hapo habari yote imeandikwa. Ile kutu inasema ufa ulikuwapo muda mrefu, watu wakiendelea kulisha majani kama kawaida. Na kile kipande king'avu, kwa udogo wake, kinasema kwamba mpaka dakika ya mwisho chuma kichache kilichobaki kilikuwa bado kinabeba mzigo. Kwa hiyo mzigo haukuwa mkubwa kuliko chuma. Huu ndio uchovu wa metali: ufa mdogo unaokua kidogo kidogo kwa mzigo unaorudiwa.

Uchovu si jambo jipya. Mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alijaribu ekseli za mabehewa katika karne ya 19, akaonyesha kwamba chuma hukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule wa kukivunja mara moja, ukirudiwa mara nyingi, na kwamba chuma cha kawaida kina kiwango, yaani kikomo cha uchovu, ambacho chini yake, kwenye hewa kavu, mzigo unaweza kurudiwa mamilioni ya mara kisikatike. Mamilioni hayo si mbali. Tuseme dramu ya korona, lile pipa lenye mapanga linalozungushwa na shafti, inazunguka mara 200 kwa dakika, saa kumi kwa siku: siku tisa tu umepita milioni moja.

Tatizo la korona ni kwamba shafti yake haibebi mzigo wa aina moja. Mkanda unaivuta puli upande mmoja, shafti inapinda, na kwa kuwa inazunguka, kila sehemu ya ngozi yake inavutwa na kubanwa mara moja kwa kila mzunguko. Papo hapo inasokotwa. Likiingia fungu nene la majani msokoto unapanda, ikitokea nafasi unashuka, na injini ikiwashwa kwa pupa unaruka. Kupinda kuna mdundo wake, msokoto una wake, na haviendi pamoja.

Gough na Pollard wa Uingereza walilipima jambo hili mwaka 1935 kwa vipande vilivyopindwa na kusokotwa kwa pamoja. Kanuni yao bado naitumia kwa hesabu ya kwanza. Chukua mkazo wa kupinda, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo dogo la chuma, ugawe kwa kikomo chake cha uchovu, zidisha jibu kwa lenyewe. Fanya vivyo hivyo kwa msokoto. Jumlisha. Ukifika moja, umefika ukingoni.

Tuhesabu kwa makisio ya shafti yetu. Chuma chenye nguvu ya megapaskali 600 (megapaskali ni kipimo cha mkazo) kikiwa kipande kidogo kilichong'arishwa kina kikomo cha uchovu cha kama nusu yake, yaani 300. Kwa shafti nene iliyokerezwa kawaida nakishusha hadi 190, na kwa msokoto 110. Pale kwenye kona ya mfereji kupinda ni 120 na msokoto unapanda na kushuka kwa 32. Jumla inakuja 0.48. Kwa hesabu hii shafti ilitakiwa idumu.

Ila maji ya mkonge yana asidi, nayo yanarukia shafti mchana kutwa. Chuma kinachochoka huku kinaliwa hakina tena kile kikomo cha Wöhler; kila mzunguko unakula kitu. Nikipunguza vile vikomo kwa nusu, jumla inaruka hadi karibu 1.9. Na hapa ndipo ombi la chuma kigumu linapokwama: kwenye unyevu wa namna hii, chuma cha kaboni cha 900 hakikupi nafuu ya maana juu ya kile cha 600. Umelipa zaidi, ukapata kinachochukia zaidi mikwaruzo na kona kali.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wanaotoka chuo hulikosea sana. Programu ya kompyuta inawapa mkazo wa von Mises, yaani mikazo yote ikiunganishwa kuwa namba moja safi, nao wanailinganisha na kikomo cha uchovu wakaridhika. Namba hiyo haina alama ya kujumlisha wala kutoa. Haisemi kama chuma kinavutwa au kinabanwa, na ufa ukivutwa unafunguka, ukibanwa unafunga. Wala haisemi mwelekeo. Kupinda na msokoto visipokuwa na mdundo mmoja, mwelekeo wa mkazo mkubwa kabisa unageuka geuka ndani ya chuma, na namba moja haiwezi kuuona.

Njia ninayoiamini ni kutafuta bapa moja, yaani uso tambarare wa kufikirika ndani ya chuma, lenye hatari kuliko mengine. Unachagua nukta, pale kwenye kona ya mfereji, unakata bapa la kufikirika kupitia nukta hiyo, kisha unaligeuza nyuzi chache chache mpaka umemaliza pande zote. Kwenye kila bapa unauliza mambo mawili: mkazo wa kutelezesha unapanda na kushuka kiasi gani, na mvuto wa kulifungua bapa hilo unafika wapi. Mtafiti Findley alipendekeza mwaka 1959 uchukue ule wa kwanza, uongeze sehemu ya huu wa pili. Kwa chuma kinachonyumbulika sehemu hiyo ni kama 0.2 hadi 0.3. Bapa lenye jumla kubwa ndipo ufa utakapoanzia. Kwa mkono ni kazi ya kuchosha, kwa kompyuta ni dakika.

Mzigo usio na mpangilio unahitaji kuhesabiwa mizunguko yake kwanza. Wajapani Matsuishi na Endo walileta njia ya hesabu hiyo mwaka 1968, wakiiga mvua inavyotiririka juu ya mapaa. Kisha unajumlisha madhara kwa kanuni ya Palmgren na Miner: kila mzunguko unachukua sehemu yake ya umri, haba na haba mpaka kibaba kimejaa. Mimi huitumia kwa tahadhari. Kibaba hakijali punje ipi ilitangulia, chuma kinajali. Mshtuko mkubwa wa mapema ukishaanzisha ufa, mizunguko midogo ambayo peke yake isingedhuru inapata pa kuendelea. Ndiyo maana jumla hii ya madhara ikifika 0.5, yaani nusu ya umri, mimi nimeshaagiza shafti nyingine, sisubiri moja.

Kwa shafti kama hii, maagizo yangu kwa mkereza ni mafupi. Chuma kilekile cha 600. Mwisho wa mfereji wa kii uwe wa mviringo, usiishie kwenye bega la shafti, pale unene wake unapobadilika, na kona za chini zisiwe kali. Pale kipenyo kinapobadilika pawe na mzingo wa milimita 6 au zaidi, palainishwe kwa msasa kufuata urefu wa shafti. Pasichomelewe kitu chochote juu yake, hata doa moja la kushikiza ngao. Puli isogezwe karibu na beringi kadiri fremu inavyoruhusu, kupinda kupungue. Iwekwe sili na grisi ili maji ya mkonge yasiufikie mfereji. Na kila dramu inapofunguliwa kubadilishwa mapanga, kona ile ipakwe dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa, ifutwe, ipuliziwe unga mweupe, na msimamizi aitazame kwa macho yake kabla mkanda haujarudishwa.