Kula Kiapo Si Kuapa: Maelezo Kuhusu Hukumu ya Moto, Maji na Mwavi

Kwa muda sasa, kitengo chetu cha elimu ya sheria kimekuwa kikipokea barua zinazouliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu aliyetuhumiwa wizi au uchawi akikubali kwa hiari yake kula kiapo mbele ya watu ili ukweli ujulikane, je, matokeo yake yanaweza kumtia hatiani au kumsafisha? Hayawezi. Ningeishia hapo, lakini barua zenyewe zinaonyesha kwamba wengi wanachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyapa jina moja, na kwamba wengine wanaamini kiapo cha kale kilikuwa kipimo kisichokosea ambacho mahakama za leo zimekipuuza kwa kiburi tu.

Kiapo cha kwanza ni maneno: shahidi huapa, na akisema uongo hushtakiwa kwa uongo huo. Kiapo cha pili, ambacho ndicho tunachokizungumzia, ni jaribio la mwili. Mtuhumiwa hushikishwa chuma cha moto, hutumbukizwa majini au hunyweshwa sumu, kisha mwili wake husomwa kama ushahidi. Wakristo wa Ulaya ya zama za kati walikiita hukumu ya Mungu. Kile cha sumu Waswahili walikiita mwavi, kwa jina la mti ambao gome lake lilitumika. Si sahihi, kama barua kadhaa zinavyodai, kukiita mateso ya kumlazimisha mtu akiri. Mateso hutafuta maneno ya mtuhumiwa, ilhali kiapo hiki hakikujali anasema nini.

Asili yake ni ya mbali. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, zinaagiza katika kifungu cha 2 kwamba anayetuhumiwa uchawi ajitupe mtoni: mto ukimshinda, mshtaki huchukua nyumba yake, akitoka salama, mshtaki huuawa na nyumba yake huenda kwa mtuhumiwa. Ulaya, miaka zaidi ya 2,000 baadaye, kanuni iligeuzwa juu chini. Maji yaliyobarikiwa yalidhaniwa kumkataa mwenye hatia, hivyo aliyeelea alihukumiwa, na aliyezama alivutwa kwa kamba akiwa hana kosa. Maji ni yaleyale na mwili wa binadamu ni uleule, lakini hukumu zinapingana, na anayetuandikia kwamba maji hayadanganyi angetueleza kwanza anaamini maji ya wapi.

Utaratibu wa chuma cha moto unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wengi hudhani lilikuwa jambo la hasira za umati. Katika sheria za Uingereza kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, mtuhumiwa alikwenda kwa kasisi siku 3 kabla, akafunga kwa mkate, maji, chumvi na mboga tu, na kuhudhuria misa kila siku. Siku yenyewe, watu wa pande zote mbili, kwa idadi iliyo sawa, walisimama katika mistari miwili kanisani, nao wakiwa wamefunga. Baraka zikishaanza kusomwa, hakuna aliyeruhusiwa kuchochea moto. Chuma kilikuwa na uzito wa ratili 1, au ratili 3 kwa tuhuma nzito, na kilibebwa umbali wa futi 9 zilizopimwa kwa nyayo za mtuhumiwa mwenyewe. Mkono ulifungwa kitambaa na kutiwa muhuri, ukafunguliwa siku ya tatu ili ionekane kama umeoza au ni safi.

Na hapa ndipo penye tatizo, kwa sababu mkono hauzungumzi. Lazima awepo mtu wa kuutazama na kusema kwamba kidonda hiki ni kisafi au hiki kimeoza, na kila mkono uliobeba chuma cha moto una la kubishaniwa. Rejista ya Várad, katika ufalme wa Hungary, iliyohifadhi mashauri ya kati ya mwaka 1208 na 1235, inaonyesha kwamba wengi wa waliomaliza kiapo cha chuma waliachiliwa. Moto haukuwahurumia, aliyesoma mikono ndiye aliyeamua. Watawala wenyewe walilijua hilo. Mfalme William wa Pili wa Uingereza alighadhibika watu 50 walioshtakiwa kuwinda paa wake walipotoka wote na mikono safi. Amri ya Clarendon ya mwaka 1166, ya hukohuko Uingereza, ilienda mbali zaidi: mwenye sifa mbaya, hata akivuka salama kiapo cha maji, alitakiwa kuvuka bahari na kuihama nchi ndani ya siku 8, isipokuwa upepo ukimzuia.

Mtaguso wa Nne wa Laterani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1215, uliwakataza makasisi kubariki maji na chuma, na bila wao jengo lote liliporomoka. Uingereza iliwaagiza majaji wake kuacha viapo hivyo mwaka 1219, na nafasi yao ikachukuliwa na baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mtuhumiwa ana hatia. Sehemu kubwa ya bara la Ulaya iligeukia kukiri kosa, na pamoja nako mateso, jambo ambalo wanaosifu mabadiliko hayo hupenda kuliruka.

Kiapo cha sumu kilidumu zaidi. Madagascar ilipiga marufuku tangena, kiapo chake cha sumu, iliyoua watu wengi sana chini ya Malkia Ranavalona wa Kwanza, mwaka 1863. Mahakama ya Juu ya Liberia iliamua mwaka 1916 kwamba kiapo cha gome la mti kinavunja haki ya mtuhumiwa ya kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Msomaji asituletee hoja kwamba asiye na kosa hutapika na mwenye kosa hufa: kutapika hutegemea kiasi cha sumu, kasi ya kunywa na tumbo la mnywaji, na kiasi hicho hupimwa na mtayarishaji, ambaye mara nyingi ameshasikia tuhuma zote.

Kuhusu adhabu, Sheria ya Makosa ya Jinai inayotumika katika majimbo ya kusini mwa Nigeria ni mfano ulio wazi kuliko mingi. Kifungu cha 207 kinaharamisha viapo vya sumu, mafuta yanayochemka, moto, kuzamishwa majini na hata kuachwa mbele ya mamba. Anayeongoza au kusimamia kiapo cha aina hiyo hufungwa hadi miaka 10, na mtu akifa, adhabu ni kifo. Anayeitengeneza, anayeiuza au anayeihifadhi sumu kwa ajili hiyo hufungwa hadi mwaka 1. Mwandishi mmoja wa barua alituuliza kama aliyesimama pembeni akitazama tu ana kosa: kifungu cha 209 kinamtaja yeye pia, kwa adhabu ileile ya mwaka 1.