Hati ipo, mkopo uko wapi?

Kazi yangu ni uthamini wa majengo, na nyumba nyingi ninazoingia Dar es Salaam hazina hati. Mwenye nyumba huvuta mfuko wa nailoni chini ya godoro, akatoa karatasi ya daftari: mauziano yaliyoandikwa kwa mkono, mashahidi wanne, dole gumba la muuzaji, muhuri wa serikali ya mtaa uliokwisha kufifia. Mtaani karatasi ile haina ubishi. Benki hawaitaki.

Hapo ndipo walibertari wanaponivuta. Kwao, dola ilinde mali na mikataba kisha ikae pembeni. Maskini atajikwamua mwenyewe sokoni. Mwaka 2000 mchumi wa Peru, Hernando de Soto, alikadiria kuwa maskini wa dunia wamekalia ardhi na majengo ya dola trilioni 9.3 yasiyotambulika kisheria, akayaita mtaji mfu: bila hati, mwenyewe hawezi kuyakopea. Mwaka 2004 Taasisi ya Cato ya Marekani, ngome ya walibertari, ilimpa Tuzo ya Milton Friedman. Mwaka huohuo serikali yetu ikaanzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, kwa fikra hizohizo.

Nakubaliana nao nusu. Pembezoni mwa Buenos Aires, watu walivamia eneo moja mwaka 1981. Baadaye serikali ilipotaka kuwamilikisha, baadhi ya wenye ardhi wa awali walipokea fidia, wengine wakakimbilia mahakamani. Basi majirani wa hali moja, huyu akapata hati, yule akakosa, na hakuna aliyechagua. Sebastián Galiani na Ernesto Schargrodsky walipowalinganisha, wenye hati walikuwa wamejenga vizuri zaidi na watoto wao wamesoma zaidi. Mikopo? Kiduchu.

Sishangai. Afisa mikopo huanza na kipato, na muuza chipsi hana cha kumwonyesha. Sheria yetu nayo inadai mwenzi aridhie kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Mlibertari hasa ataona huko ni kuingilia mkataba wa watu. Mimi siikatai sheria hiyo, maana nimekutana na wanawake waliojua habari za mkopo siku dalali alipobisha hodi.

Walibertari wanapopatia ni kwenye hofu ya serikali yenyewe: kopo moja la rangi, la kuchora alama ya X nyekundu ya bomoabomoa, linatosha kumkosesha mtu usingizi. Na mitaa michache mbele utakuta kopo jingine limetumiwa na wenye nyumba wenyewe, kujikinga na matapeli na ndugu zao, herufi kubwa ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI.