Nguo za kuvuka Atlantiki mwezi wa Oktoba

Vijana wanaopata kazi kwenye meli za watalii huja kibandani kwangu hapa soko la Kibuye wakiulizia koti nene kuliko yote. Huwa nawasihi waliweke chini kwanza, tuongee.

Sisi wa Kisumu baridi tunayoijua ni ya Molo au Timboroa. Unavaa jaketi zito, unasogea motoni, basi. Baharini kinachokutesa ni upepo pamoja na unyevu. Majani yakianza kupukutika Ulaya, meli nyingi za utalii huhama kwenda Karibiani. Zinazoshika njia ya kusini, karibu na visiwa vya Canary, hukutana na joto mapema. Ila safari ya Southampton hadi New York ni kama wiki nzima ya bahari ya kaskazini. Meli ikienda kilomita 40 kwa saa, hata kukiwa shwari kabisa, aliye sitahani anapigwa na upepo wa kasi hiyohiyo. Hewa ikiwa nyuzi 5, ngozi huihisi kama nyuzi 1 chini ya sifuri. Ukilowa, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji hupitisha joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa.

Kwa hiyo nguo ya kugusa ngozi isiwe pamba. Pamba ikinyonya jasho hubaki mbichi na kukugandisha. Tafuta sufu nyembamba. Sufu huweza kubeba mvuke karibu thuluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, na haishiki harufu upesi, jambo la maana sana kwa mtu anayelala chumba kimoja na wenzake. Lebo nyingi za mitumba zimekatwa au zimefutika, kwa hiyo chomoa uzi mmoja uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikawa kitone kigumu. Wauzaji wengine hukasirika, lakini mimi mwenyewe humpa mteja kiberiti.

Juu yake vaa sweta au flisi, yaani nguo ya kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya mafupi. Flisi ni nyepesi na hukauka haraka, lakini upepo huipenya, kwa hivyo haitoshi peke yake nje.

Jaketi la juu ndilo la kuchagua kwa subira. Bana kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu: pumzi ikitokea upande wa pili, rudisha. Kisha ligeuze ndani nje, usugue mabegani. Utando ukibanduka vipande vipande, maji yataingia hata kama kwa nje linang'aa. Kofia yake iwe na kamba ya kukaza, na saizi iwe kubwa kidogo ili sweta likae ndani bila kubanwa.

Ndani ya meli kuna joto la kutosha. Huko ndiko koti moja nene linapokuwa mzigo: ukilivaa unatokwa jasho, ukilivua umebaki na fulana.

Boshori na glavu ni lazima. Chukua jozi mbili za glavu, moja ikauke nyingine ikiwa kazini. Soksi za sufu vaa jozi moja nene. Mbili zilizobanana ndani ya kiatu huzuia damu, na vidole hupoa haraka.