Soksi ya upepo imelala, mbona rubani kaghairi kutua?

Jamani, tuelewane. Kila ndege ikighairi kutua hapa Kigoma, wanaosubiri wageni wao hunyooshea kidole soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa mlingotini unaojaa na kunyooka upepo ukivuma: "Si imelala ile? Rubani mwoga huyu." Kazi yangu ni kupima huo upepo, na ninachoka kulisikia neno hilo. Upepo mkali peke yake si tatizo kubwa. Tatizo ni upepo unaobadilika ghafla.

Upepo wa mbele wa noti 25 (kama kilomita 46 kwa saa) usioyumba humsaidia rubani: ndege inagusa lami kwa mwendo mdogo na kusimama mapema. Sasa chukua ndege inayoshuka ikiwa na mwendo wa noti 130 hewani, yaani ukilinganisha na hewa inayoizunguka, upepo wa mbele noti 20. Inapita nyuma ya kilima, upepo unakatika na kugeuka wa nyuma, noti 10. Papo hapo mwendo wake hewani unaangukia noti 100, injini hazijaitikia bado, na ardhi iko pale chini.

Ndicho kilichousumbua uwanja wa kisiwa cha Saint Helena, huko Atlantiki ya Kusini. Upepo wa kusini-mashariki huvuma kule karibu mwaka mzima na watu wameuzoea. Lakini uwanja uko juu ya majabali, takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, na upepo ukishayapita unavurugika palepale ndege zinapokuja kutua kutoka kaskazini. Boeing 737 ya majaribio ilikumbana nao Aprili 2016. Safari za ratiba zilianza Oktoba 2017, kwa ndege ndogo zaidi, Embraer 190, iliyopunguziwa mzigo: abiria 76 tu, viti vikiwa zaidi ya 90. Kwa nini? Kwa sababu waliona heri kutua upande wa pili, upepo ukiwa nyuma lakini umetulia, ingawa unarefusha mbio za ndege kwenye lami, na ndege nyepesi husimama mapema.

Turudi kwetu, penye ziwa upande mmoja na vilima upande mwingine. Kipimo cha upepo hukaa kwenye mlingoti wa mita 10. Kinasema kweli ya pale kilipo, basi. Vitabu vinaandika kana kwamba sisi wa chini tunaona kila kitu. Futi 300 juu yetu mara nyingi tunakisia. Taarifa ya kuaminika hutoka kwa rubani aliyetua muda mfupi kabla. Dar es Salaam ndege zinafuatana. Hapa anayekuja kwa kawaida hana aliyemtangulia, kwa hiyo akihisi mwendo unapungua anaongeza nguvu, anapanda, anazunguka. Mafuta ya kuzungukia alishayabeba.